Nani Ameligusa Jicho Hili Kabla Yetu

Salma, aliyerithi kiti changu katika chumba cha kupimia macho, ndiye aliyenitaka niandike. Alisema, "Mama Zuwena, usiondoke nayo yote kichwani." Nikamjibu kwamba miye skuli niliishia darasa la nne, Unguja, na tulipohamia Sur, Omani, nikatiwa pamoja na watoto wadogo kwa sababu ya Kiarabu, nikaona haya, nikaacha. Akasema, "Andika hivyo hivyo unavyosema." Basi haya ni hivyo hivyo. Palipo na kosa la hisabati parekebisheni. Palipo na kosa langu mimi paacheni, kwa sababu ndilo nililokaa kuliandika.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa mpimaji, nilikuwa msafishaji. Ilikuwa Sur, katika chumba cha macho chenye dirisha moja na mashine mbili. Nikakuta vioo vya mashine vina vumbi, nikachukua dawa ile ile ya kusafishia madirisha na kitambaa kile kile, nikavisugua kwa nguvu zangu zote, maana nilitaka waone kuwa nafanya kazi. Aliyeingia ni Sista Aleyamma, muuguzi wa Kerala, Bara Hindi, mwembamba kama ufito, ndiye mwenye chumba. Hakunipigia kelele. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaniambia nitazame ndani ya mashine.

"Umeona nini?"

"Moshi," nikasema.

"Hivyo ndivyo wanavyoona wale waliokaa pale kwenye benchi. Sasa safisha tena kwa kitambaa hiki laini. Na siku nyingine uniulize."

Tulisema Kiarabu, chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana kuliko wengi wenye Kiarabu chao. Sijui aliona nini kwangu. Nadhani aliona tu kwamba nilirudia kusafisha mara tatu bila ya kuambiwa. Tangu siku ile, wakati wa chai alinifundisha namba. Herufi zilikuwa zikinikimbia, lakini namba zilikaa.

Nyinyi mnazijua, lakini wacha niziandike kwa mpangilio alionipa yeye. Mtu mwenye mtoto wa jicho, lenzi yake ya ndani imeingia ukungu. Daktari anaitoa na kutia nyingine ya kutengenezwa. Hiyo mpya iwe na nguvu gani? Hilo linategemea namba mbili: mviringo wa kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho lenyewe kutoka mbele mpaka nyuma. Ukikosea hapo, operesheni inaweza kwenda kama siagi na mgonjwa akaondoka haoni alichokuja kukitafuta.

Siku zile urefu tukiupima kwa kalamu ya sauti. Unatia tone la ganzi, unagusa jicho kwa ncha. Ukikandamiza, jicho linabonyea na namba inakuwa ya uongo. Sista alinifanyisha mazoezi kwa kumwaga tone la maji juu ya sahani, niliguse kwa ncha ya kalamu bila ya kulivunja. Nilivunja matone wiki nzima. Sasa mashine inapima kwa mwanga, haigusi mtu, na ni bora kuliko mkono wangu, hilo sibishi. Ila hata leo nikiona tone la maji juu ya sahani, kidole changu kinajiandaa.

Baada ya namba mbili, alisema, kuna la tatu, nalo linakuja kabla ya zote. Ni swali. "Nani ameligusa jicho hili kabla yetu?" Ameumia? Amewahi kupasuliwa? Ametiwa dawa ya nyumbani? Mzee mmoja wa kibedui kutoka Sinaw, mwenye alama za kuchomwa chuma cha moto cha tiba kwenye panja zote mbili, nilipomuuliza alifikiri sana, khalafu akasema, "Mwenyezi Mungu, na mjomba wangu mwenye chuma." Tuliandika yote mawili.

Sista Aleyamma alirudi kwao Kerala mwaka ule nilioanza kupima peke yangu. Aliniachia kile kitambaa laini. Nilimwandikia barua mbili, nikazichana zote, kwa kuona haya ya mwandiko. Katika mambo ninayoyatamani yarudi, la mwanzo ni lile, nizitie posta na mwandiko wangu huo huo.

Nilifanya kazi Sur, khalafu Ibra, na miaka ya mwisho Nizwa, kliniki ilipoleta leza. Nawaambia wapya wasidanganyike na jina lake. Leza inachora tundu la kuingilia, inakata duara katika ganda jembamba la lenzi, duara zuri ambalo mkono wa binaadamu hauliwezi, na inaikatakata ile lenzi yenye ukungu vipande. Khalafu daktari anaingia, anavitoa na kutia mpya. Leza inakata pale ilipoambiwa. Haijui kama namba niliyoandika mimi ni ya kweli.

Na hapo ndipo walipoanza kuja watu wa namna mpya. Hawa ni wale ambao ujanani walikwenda nje kufanyiwa leza nyingine, ile ya kuachishwa miwani. Leza ile huparuza kioo cha mbele cha jicho kikawa bapa zaidi. Mtu akaona vizuri, akaitupa miwani, akasahau. Miaka ikapita, mtoto wa jicho akamjia kama anavyowajia wote. Sasa hesabu zetu za kawaida zimetungwa kwa jicho ambalo halijaguswa. Jicho lililoparuzwa linazihadaa, na lenzi inatoka dhaifu. Ziko hesabu nyingine za macho kama hayo, na daktari naye anajihadhari zaidi na leza yake, lakini lazima kwanza mtu aseme.

Na kusema kwetu si jambo dogo. Mnajua tunavyokwenda kwa daktari. Mgonjwa mmoja, wasindikizaji watatu, na thermosi ya kahawa. Mgonjwa huulizwa, msindikizaji hujibu. Miye nilikuwa nauliza swali langu mbele ya wote, kwa sauti, kwa sababu ndivyo nilivyolipokea, wala haikunipitikia kwamba swali linaweza kuwa sahihi na mahali pakawa si pake.

Bi Raya alikuja kutoka Ibra na mumewe. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, kwao asili ni Unguja mjini. Alikuwa akishona kofia, zile za vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushwa uzi. Alisema ukungu umemfanya aache kofia ya mumewe ya Idi katikati. Mumewe, Bwana Nasser, asili yake Tabora, ana duka la spea za magari, mcheshi, hakai kimya. Alikuwa ameileta ile kofia ndani ya mfuko kunionyesha.

"Tazama, mama. Nusu kofia. Nitaswali Idi na nusu kichwa?"

Nikacheka. Nikamweka Bi Raya kidevu juu ya kigingi cha mashine, nikauliza, "Bi Raya, jicho hili lilipata kuguswa kabla? Operesheni, leza, kuumia, miwani?"

Bwana Nasser akajibu, "Hasha. Mke wangu macho yake orijino. Boneti halijafunguliwa tangu kiwandani."

Bi Raya akatabasamu akatazama chini.

"Kweli, Bi Raya?"

"Kama alivyosema."

Nikapima. Kioo cha mbele, thelathini na nane. Nyinyi mnajua wengi wetu tuko kwenye arubaini na tatu, arubaini na nne. Thelathini na nane ni bapa mno. Urefu, zaidi ya milimita ishirini na sita. Hilo ni jicho refu, jicho la mtu ambaye bila ya miwani hamtambui mamake mlangoni. Na huyu anasema hakuvaa miwani umri wake. Nikapima mara tatu. Namba zikarudi zile zile.

Nikachukua penseli, nikatia alama ya kuuliza kando ya namba kwenye karatasi iliyotoka mashineni. Nikaitazama. Nikajisemea, wewe Zuwena wa darasa la nne, utamwambia daktari kwamba mgonjwa anasema uongo? Labda yako macho namna hiyo na wewe hujayasoma. Nikachukua raba nikaifuta.

Nataka kuwa na insafu hapa, niseme kwa haki. Daktari wetu kijana, Daktari Hamad, naye alilitazama jicho lile kwa taa yake, na alama ya leza ya zamani ikishakaa miaka ishirini na zaidi ni uzi mwembamba mno, na ukungu wa nyuma unaificha. Karatasi pia ilipita mbele yake. Lakini yeye siku ile alikuwa na benchi limejaa, na alinizoea kwamba kama pana jambo nitasema. Mimi niliona, nikafuta. Hayo mawili hayalingani.

Operesheni ilikwenda kama siagi. Kesho yake Bi Raya alitolewa kitambaa, akasema rangi zimerudi, nyeupe imekuwa nyeupe. Lakini baada ya wiki alikuwa bado anatazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama kupitia maji, na mkononi ndiyo haoni kabisa. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mbele yetu. Alikosa, akakosa, akauweka uzi mapajani.

Bwana Nasser siku hiyo hakutania. Alisimama ukumbini na watu wamekaa, akasema, "Daktari umemharibia mke wangu jicho. Zima kabisa lilikuwa. Nitakushitaki wizarani, na jicho la pili hutaligusa."

Daktari Hamad alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Mama Zuwena, nimeangalia lenzi niliyotia. Ndiyo ile iliyotoka kwenye hesabu. Nimekosea wapi?"

Nilisema tu, "Nipe nimpime tena."

Nikamwita Bi Raya. Mumewe akainuka pamoja naye. Na hapo, mlangoni, nikasema uongo wangu wa kwanza kazini: "Samahani, bwana. Mashine hii haitaki pumzi za watu wawili. Zinaitia mvuke, namba zinaharibika." Alinitazama kwa mashaka, khalafu, kama mtu wa mashine, akaona labda. Akabaki nje.

Nikazima taa. Katika giza lile la kijani la mashine nikamuuliza tena, pole pole. "Bi Raya, mwanangu. Nani aliligusa jicho hili kabla yetu?"

Khalafu akaanza kusema huku kidevu bado kiko juu ya kigingi, hata ile sauti yake ilitoka imebanwa. Wanawake wa upande wa mume walipokuja kumtazama, mamake alimvua miwani akaificha chini ya kitambaa cha sinia. Akapita na kahawa haoni, akamimina nje ya kikombe, wakasema ni haya za mwari. Posa ilipokubaliwa, mama akamchukua Bombay, wakawaambia watu wanakwenda kununua vitambaa vya harusi. Wakarudi na vitambaa, na macho yasiyotaka miwani.

"Mama aliniapisha," akasema. "Alisema mwanamke asianze nyumba kwa aibu. Sasa marehemu. Nitamvunjia kiapo kaburini?"

Nikamwambia sina elimu ya viapo. Niliyonayo ni ya macho. Jicho la kwanza linaweza kubadilishwa lenzi, na mapema ni bora. La pili lina ukungu vile vile na linangoja. Hakuna kati ya hayo mawili litakalopimwa sawa bila ya daktari kujua. "Niruhusu nimwambie daktari peke yake. Kwa mumeo sitasema, wala yeye hatasema. Hilo ni lako."

Aliruhusu kwa kichwa. Ile mashine ikapiga mlio, maana alikitikisa kidevu.

Nikaenda kwa daktari na karatasi ile ya kwanza. Raba haifuti yote. Ukiiinamisha karatasi kwenye mwanga, ile alama ya kuuliza bado ilionekana, nyeupe, imechimba. Nikamwonyesha. Nikamwambia yote mawili, la Bi Raya na la kwangu. Akaiinamisha na yeye kwenye mwanga.

"Ungeniuliza tu, mama."

"Ndiyo."

"Miye ningekuuliza kwa nini umetia alama."

"Ndiyo. Ndipo nilipoogopa."

Hakunikaripia. Aliniuma zaidi kwa kutonikaripia. Khalafu ikaja shida yake yeye, kwamba sasa anayo khabari ya kumsafisha mbele ya Bwana Nasser na hawezi kuitumia. Alisema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, akatoka kwenda ukumbini akasimama kutukanwa mara ya pili, mikono nyuma. Kijana yule.

Nikatoka nami. Nikasema, "Bwana Nasser, anayepima ni mimi. Namba nilizompa daktari nilikuwa na shaka nazo, nikanyamaza. Ukiandika, andika jina langu. Zuwena."

"Nani kakuuliza wewe, mama mtu mzima?"

"Hakuna. Ndiyo kosa lenyewe."

Akasema ataandika majina yote mawili. Wakaondoka. Na miye kila ninapokumbuka najiuliza kama nilisema kweli au nusu yake. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Lakini nilijua nini nimeacha. Sijapata jawabu, mkipata nyinyi niambieni.

Siku zile zilikuwa ndefu. Nilikuwa nikisikia gari nje nadhani ni barua ya wizara. Niliwaza zaidi ile kofia. Nilijua Bi Raya akikaa kimya atabaki na jicho moja la ukungu na moja la maji, na sindano hataishika tena, na mumewe atamchukia daktari asiye na kosa umri wake wote. Na nilijua hakuna wa kumlazimisha.

Wiki ya tatu walikuja. Barabara kutoka Ibra kupitia Sinaw ni masaa, na nyuso zao zilikuwa za watu walionyamaza njia nzima. Nikaanza maneno yangu mlangoni: "Samahani, bwana, mashine haitaki pumzi..."

"Mwache akae," Bi Raya akasema. "Anajua."

Bwana Nasser akakaa kwenye kile kiti cha pembeni, kofia kuukuu mkononi anaizungusha. Nikazima taa. Nikapima jicho la kwanza, nikapima la pili, mara tatu tatu, na mara hii kwa hesabu nyingine. Nikaanza kuandika.

"Miaka yote," akasema Bwana Nasser gizani, si kwangu, "nasema mbele ya watu macho orijino. Na yeye ananisikiliza."

"Ulikuwa ukifurahi kusema," Bi Raya akajibu.

Bwana Nasser akaniambia miye, "Ningejua siku ile, mama, ningejibu vingine."

"Siku ile, bwana, hukuulizwa wewe."

Nilidhani nimevuka mpaka. Lakini nikasikia Bi Raya anacheka, kicheko kidogo, na baadaye kidogo na yeye Bwana Nasser. Walipotoka aliomba kuonana na daktari. Sikuwako, sijui alisema nini. Barua ya wizara haikuja.

Lenzi ya kwanza ilibadilishwa, na jicho la pili likafanywa. Nisiongeze chumvi: hayakutoka kamili. Macho yaliyoguswa zamani tunayakaribia, hatuyalengi kama mengine, na mgonjwa ni lazima aambiwe hivyo kabla. Kwa mbali aliona vizuri. Kwa sindano alihitaji miwani. Akaivaa pale pale mbele ya mumewe, ya kwanza tangu ile iliyofichwa chini ya kitambaa cha sinia, na Bwana Nasser akasema inampendeza, mamake alikosea.

Kofia ya Idi ilimalizika. Kwangu aliniletea kifuniko cha mashine, kitambaa cheupe kimetobolewa na kuzungushwa uzi kama kofia, kuzuia vumbi.

Tangu hapo sikumpima mtu mbele ya watu wake. Wote niliwatoa kwa uongo ule ule wa pumzi, na wengine gizani walinipa mambo ambayo hayaandikwi hapa wala popote. Uongo ule ulinikera, lakini sikupata ukweli wenye adabu kama ule. Siku moja nikamsikia Salma anamweleza mwanafunzi kwamba mashine huathirika na mvuke wa pumzi, kwa uhakika kabisa, na kidole juu. Sikumsahihisha. Salma, sasa unajua. Samahani, na endelea.

Nimestaafu, nimerudi Sur. Asubuhi bado naamka kwa saa ya kliniki, nakaa sebuleni na mapazia yamefungwa mpaka binti yangu aje kuyafungua akiuliza nani amekufa. Sitamani ukubwa wowote. Natamani lile giza. Natamani uso wa mtu umeletwa karibu na wangu, mgeni, anapumua, amenipa jicho lake na anangoja nimwambie atazame wapi.

Mwezi uliopita ukungu ulinijia na miye. Binti yangu akanipeleka Nizwa. Salma akaniamkia shikamoo, akamtazama binti yangu, akasema kwa heshima zote kwamba mashine haitaki pumzi za watu wawili. Binti akatoka. Mlango ukafungwa, taa ikazimwa. Kile kifuniko cheupe kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya rafu. Nikaweka kidevu upande ambao sikuwahi kukaa.

"Mama Zuwena," akasema, pole pole, kama nilivyomfundisha, "nani ameligusa jicho hili kabla yetu?"

"Hapana mtu," nikasema.

Mashine za siku hizi hazichukui muda. Ililia mara moja, ikanyamaza.

"Basi, mama. Imetosha. Namba nzuri."

Nikamwambia nilipepesa, apime tena. Sikuwa nimepepesa.